Kosa Nililolisimulia Jukwaani

Kupima damu nilifundishwa na mwanamke ambaye hospitali nzima ilimwita Mama wa Labo. Ilikuwa hospitali ndogo kando ya Beni, na tangu vita ilipoanza kila kitanda kililaliwa na watu wawili. Nilifika pale na diploma yangu, shati langu lililopigwa pasi na Kifaransa changu kizuri. Siku ya kwanza aliniketisha mbele ya kigae cheupe chenye matone mawili ya damu.

"Hapana kuniambia kile ulisoma," akasema. "Niambie kile unaona."

Yeye hakuwa na diploma. Aliingia labo akiwa msichana wa kufagia, zamani za wamisionari, akajifunza kwa kusimama nyuma ya mabega ya watu. Alikuwa Mprotestanti wa kwaya, mwembamba, mwenye miwani iliyoshikwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Kwenye darubini aliviona vijidudu vya malaria kabla mimi sijamaliza kufumba jicho la pili. Akipika maharagwe kwake, alileta na sahani yangu. Nilimpenda. Ninaliandika hilo mapema kwa sababu atakayesoma mpaka mwisho hataliamini.

Miaka ile mji ulibadilisha wenye bunduki mara nyingi. Leo kundi hili, kesho lile, na wote walitoa amri kwa Lingala. Dawa zetu za kupimia zilikuja kwa ndege ndogo mpaka uwanja wa Mavivi, na ndege ikikosa kuja tulipunguza matone. Lakini kulikuwa na sheria moja ambayo Mama wa Labo hakuilegeza hata siku risasi zilipolia karibu: damu haitoki kwenye friji kabla watu wawili hawajaipima, kila mmoja peke yake, na mrija wenye damu ya mgonjwa unatunzwa siku saba, ili mambo yakiharibika turudi kuuangalia.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, baada ya mvua. Watu walikuwa wakiingia kwa njia ya Mangina, wakikimbia mapigano ya kule msituni, na magodoro kichwani. Katikati yao wanaume wanne walibeba kipoyi, machela ya miti, na juu yake mwanamke aliyekuwa amejifungua porini siku mbili nyuma. Damu haikukoma. Mume wake alitembea kando na mtoto ndani ya shati lake. Hawakuwa wamefika mlangoni vizuri, gari la askari likaingia likipiga honi, likiwa na mwenzao aliyepigwa risasi ya paja.

Nilichota damu ya yule mama, nikachota ya yule askari. Wenzake walinifuata mpaka ndani ya labo.

"Noki! Noki!" wakapiga kelele. Haraka.

Mama wa Labo alitoka kwenye baraza kuwasihi waliobaki waweke bunduki nje. Nikabaki peke yangu nao. Mirija yote miwili niliiweka kwenye kibao bila kubandika majina, kwa sababu mkasi wa plasta sikuuona. Nilijiambia: wa kushoto ni wa mama. Askari mmoja alitaka mahali pa kuegemeza kiwiko, akakisukuma kibao kwa mdomo wa bunduki. Nilipokivuta tena kwangu kilikuwa kimegeuka. Macho yangu yalikiona kikigeuka. Kichwa hakikutaka kujua.

Nilipima mara moja. Nikaandika: mama, kundi A, askari, kundi O. Kwenye friji tulikuwa na mfuko mmoja wa A na mmoja wa O. Niliilinganisha damu ya mfuko na ile ya mrija, zikakubaliana vizuri kabisa, maana mrija ule haukuwa wa mama.

Mama wa Labo alirudi akihema.

"Umepima?"

"Ndiyo, mama."

"Mara mbili?"

"Mara mbili, mama."

Alinyoosha mkono kuchukua kibao, ili apime na yeye. Askari alipiga meza kwa kitako cha bunduki, mirija ikaruka. Mama akaniangalia usoni. Kisha akachukua kalamu, akasaini pale panapoandikwa jina la mtu wa pili aliyepima.

Haikupita nusu saa, muuguzi akaja mbio. Alisema yule mama anatetemeka, analia mgongo, na mkojo wake umekuwa mwekundu kama chai ya rangi. Nilienda wodini nikamchoma kidole, nikabeba tone lake kwenye kigae. Nililijua jibu kabla ya kulichanganya. Alikuwa O. Tulikuwa tumemwekea damu inayoua. Daktari aliufunga mfuko, akamwaga maji mshipani, akafanya yote ambayo mtu hufanya, na jua lilipokuwa bado juu ya miti ya kahawa yule mama akafa. Askari alipona. Aliondoka baada ya wiki mbili, na magongo yetu.

Mume alikaa chini ukutani na mtoto. Mimi nilikuwa nimerudi labo kabla hajakata roho, nikachukua mirija miwili, nikaifungulia maji.

Mama wa Labo alisimama mlangoni.

"Unaosha nini?"

"Mirija ya asubuhi, mama."

"Ya asubuhi niliosha miye."

Sikugeuka. Nilisugua kwa burashi mpaka kioo kikang'aa. Niliposikia viatu vyake vikienda zake barazani, niliweka mirija ikauke.

Kesho yake daktari mkubwa wa hospitali aliniita peke yangu, kwa sababu mimi ndiye mwenye diploma na ripoti ilitakiwa kwa Kifaransa. Daftari lilikuwa wazi mbele yake.

"Saini ya mwisho ni ya nani?"

"Ya Mama."

"Na mirija iko wapi?"

"Imeoshwa, daktari."

Hakuuliza na nani. Nami sikusema. Nilikuwa na mke mwenye mimba, na nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa mwoga; nimejaribu kutafuta sababu ya nne, haipo. Mama wa Labo hakuitwa kujieleza. Aliitwa kupewa karatasi ya kusimamishwa kazi.

Mwezi uliofuata chama chetu, chama cha watu wa maabara wa upande wote ule, kilikuwa na mkutano wake Butembo. Prezida wa chama aliandika kuomba mtu wa Beni aje aeleze ile ajali, ili wengine wajifunze. Daktari mkubwa akanichagua mimi. "Weye unasemaka muzuri," akaniambia.

Nilienda kwa lori, nikapita vizuizi vya askari, nikalala kwa dada yangu, mtaa wa Vulamba. Niliandika hotuba yangu kwenye karatasi ya miraba, nikamsomea dada chumbani kwake. Nilipofika mahali pa mume na mtoto ndani ya shati, dada akaanza kulia. Nilisimama. Nikarudia mahali pale, polepole zaidi, akalia zaidi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nina kipaji. Ninaona aibu kusema nilifurahi, lakini nilifurahi. Asubuhi dada aliniazima koti la shemeji, akanishonea kifungo kilichokosekana.

Ukumbi ulikuwa wa parokia, tuliazimwa. Ukungu wa Butembo ulikuwa bado madirishani, na jenereta nje ikakohoa mpaka mikrofoni ikaamka. Watu walijaa: Wakatoliki na Waprotestanti, watu wa Lubero, wa Beni, wa vituo vya vijijini ambao walitembea kwa miguu. Nilipopanda jukwaani nilimwona Mama wa Labo. Alikuwa amekaa mstari wa pili, na kitambaa cha kwaya kichwani na miwani yake ya uzi. Hakualikwa. Alikuja tu.

Ningeweza kukunja karatasi. Badala yake nilianza.

Sikumtaja jina. Nilisema, "mtu mmoja wa miaka mingi katika kazi." Nilisema, "mtu tunayemheshimu." Kisha nikasema jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi, lilikuja lenyewe mdomoni, kama vile vitu vinavyokuja kwa wasemaji: "Mtu ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na hakuna kati yetu aliyekuwa na roho ya kumwambia."

Ukumbi wote ukageuka kuangalia ile miwani. Kijana mmoja nyuma akacheka. Mama wa Labo alipeleka mkono kwenye ule uzi, akaufunika kwa kidole.

Nilisema kipoyi, nikasema mtoto, nikasema mkojo mwekundu. Nikaongeza maneno ya mwisho ya marehemu: "Muniangalilie mutoto." Sikuwa karibu naye alipokufa, nilikuwa labo naosha mirija. Wanawake walitoa vitambaa. Nilipomaliza, walisimama kupiga makofi.

Makofi yalipotulia, alikuwa Mama wa Labo peke yake amesimama.

"Miye niko ule mutu anasema," akasema. Sauti yake ya kwaya ilikuwa imepotea. "Ile siku, hapana miye nilipima. Ni yeye alipima. Miye nilisaini. Na mirija aliosha yeye. Niliona na haya macho."

Kelele zikatokea. Prezida, mtu mzima mwenye saa kubwa mkononi, alichukua mikrofoni.

"Mama, ulisaini kwamba umepima?"

"Ndiyo, mais… lakini…"

"Na ulikuwa umepima?"

"Kulikuwa basoda, prezida. Bunduki yabo ilikuwa…"

"Ulipima, ao hapana?"

"Hapana."

"Basi donc ulisaini uongo."

Alikuwa mtu wa kuona, hakuwa mtu wa kusema. Watu walikuwa wanaanza kunung'unika, wengine wakiniangalia mimi, na wawili watatu waliniangalia vibaya. Nilijua nina muda wa pumzi moja. Niliomba mikrofoni kwa mkono, taratibu.

"Huyu mama alinifundisha kila kitu," nikasema. "Amepata huzuni kubwa, na huzuni inachanganya mtu. Tafadhali, tusimuulize tena. Tumwache apumzike."

Walipiga makofi kwa ajili ya moyo wangu mzuri. Mama mmoja alimshika Mama wa Labo mkono, akamtoa nje kama mgonjwa. Alipopita mbele ya jukwaa hakunitukana. Aliniangalia kama alivyozoea kuangalia kigae, akisubiri damu igande au isigande.

Chama kikamfuta siku ileile, mchana, baada ya wali na sombe.

Kuanzia hapo niliitwa kila mwaka, Butembo, halafu Beni, halafu Butembo tena. Walinipa ukuu wa labo. Hospitali, kwa huruma, ilimrudisha Mama wa Labo kazini, lakini kuosha vyombo tu. Kwa hiyo nilipokuwa nikitayarisha hotuba zangu, yeye alikuwa kwenye sinki, mgongo wake kwangu, na burashi. Tulisalimiana. "Wabukire," nilisema asubuhi, na yeye aliitikia, maana hakuwa mtu wa kuacha salamu ya mtu chini. Sahani ya maharagwe haikuja tena. Baada ya miezi michache aliacha, akaenda kulima upande wa Mangina, kwa binti yake.

Hotuba ilikua. Mwaka wa pili nilimwongeza mtoto akilia wakati mama anakata roho. Mwaka wa tatu askari walikuwa sita. Nilijua wapi pa kunyamaza, wapi pa kushusha karatasi kana kwamba siwezi kuendelea. Vita iliendelea nje. Watu walikuja mkutanoni wakitoka kuzika, na mimi niliwapa mtu mmoja wa kumlilia kwa utaratibu. Walinishukuru.

Mwaka huo wa tatu, Beni, wenye kupanga mkutano walinifanyia mshangao. Walikuwa wamemtafuta mume wa marehemu, wakamkuta anakata kuni kwa watu, wakamleta. Walimkalisha karibu nami kwenye chumba cha nyuma kabla ya hotuba. Alikuja na msichana mdogo mwenye miguu mitupu, na kuku mwekundu aliyefungwa kamba.

Alinipa kuku kwa mikono miwili.

"Wasingya, docta," akanishukuru. "Baliniambia ni weye ulisema ukweli juu ya bibi yangu. Kama si weye, kila mutu angenyamaza."

Nilimchukua kuku. Sikujua pa kumweka, nikamshika mapajani.

"Docta, niko na neno moja. Banasema ulisikia maneno yake ya mwisho."

"Ndiyo," nikasema.

"Alisema nini?"

Msichana alikuwa ananiangalia. Nilisema nilichokuwa nimekisema mbele ya watu mara mbili. "Alisema, muniangalilie mutoto."

Mume aliinamisha kichwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu anayejaribu kusaidia.

"Kwa kiswahili?"

"Kwa kiswahili."

"Hakujuaka kiswahili," akasema polepole. "Hata neno moja. Alikuwa wa kule ndani, pori. Alisemaka luga yetu tu." Kisha akanitafutia njia: "Pengine ulisikia mubaya, docta. Kulikuwa kelele."

"Pengine," nikasema.

Wakaniita. Nilimwachia mtu wa mlangoni kuku, nikapanda. Mume na msichana waliwekwa mbele kabisa. Nilifikiri ningeruka mahali pale. Lakini kuna watu walikuwa wamenisikia mara mbili, wakakaa wakingoja maneno yale, vitambaa tayari mikononi, na nilipofika nikayasema. Niliyasema vizuri. Yule mume alikaa akiniangalia, na watu walipopiga makofi, na yeye akapiga, na akamshika msichana mikono kumwonyesha jinsi ya kupiga.

Usingizi uliharibika baada ya siku ile. Si kila siku, ila vya kutosha. Mwishoni niliomba pikipiki, nikaenda njia ya Mangina kumtafuta Mama wa Labo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, anamenya mihogo na binti yake. Alikuwa amekonda, mguu mmoja umevimba. Hakusimama, lakini alimtuma binti aniletee kiti.

Nilimwambia yote: mkasi, kibao kilichogeuka, kupima mara moja, burashi. Nilimwambia namwomba anisamehe. Nililia, na hata nikilia nilisikia kwamba sauti yangu inashuka mahali pazuri, na nikajichukia.

Alimenya mhogo mmoja mpaka mwisho.

"Hapa tuko batatu," akasema. "Miye nilikuwaka najua. Binti yangu alikuwaka anajua. Unaniletea habari gani?"

"Nifanye nini, mama?"

"Ulinifungia jina mbele ya batu. Ulifungue mbele ya batu."

"Nitafanya hivyo."

"Utaweza?" aliuliza, kwa dhati kabisa, kama alivyoniuliza zamani kama naweza kuchoma mshipa wa mtoto.

"Nitaweza, mama."

Mkutano wa mwaka wa nne ulikuwa Butembo. Wakubwa wa vita walikuwa wamesaini karatasi zao za amani, barabara ilipitika kidogo, na ukumbi ulijaa kuliko wakati wowote. Nilikuwa na karatasi mpya mfukoni, nusu ukurasa tu. Nilishika mikrofoni.

"Leo nitawaelezea kwa namna nyingine," nikasema.

Niliwaona wote: prezida na saa yake, daktari wangu mkubwa, vijana wa shule wenye daftari wazi, wanawake wenye vitambaa. Walikuwa wananipenda. Nilitia mkono mfukoni nikaigusa karatasi. Nikangoja sentensi ya kwanza ije. Ilikuja nyingine.

"Leo nitaanza na mtoto."

Nikaanza na mtoto. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Mchana ule walinichagua kuwa prezida wa chama, kwa mikono iliyoinuliwa, na sikuona mkono uliobaki chini.

Mama wa Labo alikufa kabla ya mwaka kwisha, kwa ule mguu, kwa sukari ambayo hakuna aliyeipima. Chama kilisema ni vizuri prezida aende, tufute ya zamani. Nilienda na shada la maua ya plastiki, katika koti langu mwenyewe. Kwaya iliimba. Mchungaji alisema, jirani akasema, mzee mmoja aliyefanya naye kazi zamani za wamisionari akasema jinsi alivyofagia labo huku amepinda shingo kuangalia darubini. Kisha mwenye kuongoza akatangaza kwamba watu wa kazini nao wana neno.

Nilipiga hatua mbele. Binti yake alitoka upande wa pili wa kaburi, akazunguka udongo, akaja akaniwekea kiganja kifuani.

"Weye, hapana," akasema.

Hakusema kwa sauti. Waliosikia walikuwa wachache, na hao wachache waliangalia chini. Nilirudi nyuma mpaka nikakanyaga mtu mguu, nikamwomba radhi. Shada nililiweka juu ya ndoo iliyokuwa karibu. Mwenye kuongoza akafungua kitabu, kwaya ikaendelea na wimbo mwingine, wanaume wakachukua majembe.

Nilipanda pikipiki kurudi Beni mapema, kabla kizuizi hakijafungwa. Juma lililofuata barua ilikuja kuniuliza nitasema juu ya nini mkutano ujao. Niliwajibu: ileile ya kila mwaka.